Mizani Nane za Mama Mkwe

Kuku mwekundu, yule mwenye shingo isiyo na manyoya, aliishi kwetu Mwankoko mwaka mmoja na kitu, na katika muda huo alimeza mashairi mengi kuliko mwalimu yeyote wa Kiswahili wa mkoa huu wa Singida. Mume wangu, Elisha Mughwai, anatunga nyimbo za kwaya. Kabla hajatunga lazima ahesabu mizani za shairi, silabi kwa silabi, na hesabu yake anaifanya kwa mbegu za alizeti. Anapanga mbegu nane mezani, anaacha nafasi ya kidole, anapanga nane nyingine. Huo ni mstari mmoja. Mistari minne, ubeti. Akinyanyuka kwenda kunywa maji, kuku anapanda mezani na ubeti umekwisha.

"Rebeka," ananiita, "huyu kuku wako amekula kibwagizo."

Mimi namjibu kwamba kibwagizo kinarudiwa, apange tena. Hakuna kati yetu aliyewahi kufikiria kufunga mlango.

Mbegu anatoka nazo kazini. Anaendesha mashine ya kukamulia alizeti, na kila suruali yake ina mafuta mifukoni, mimi ndiye ninayefua, kwa hiyo nina haki ya kusema. Chuo cha muziki hajakiona hata geti lake. Nota za herufi, zile za d na r na m, alifundishwa na mwinjilisti mmoja aliyekuwa na kitabu kimoja na subira nyingi. Mengine amejifundisha mwenyewe pale pale kwenye mashine. Anasema injini ile ikichemka vizuri inashika mapigo kuliko mpiga ngoma yeyote, na haiombi ruhusa ya kwenda msibani.

Maneno ndiyo anayoyahangaikia. Elisha hawezi kutunga maneno, analijua hilo na halioni aibu. Anayatafuta. Pale njia panda anakaa Anifa, mama wa maandazi, mtu wa familia ya wafanyabiashara wa mjini. Anifa anafungia maandazi kwenye magazeti ya zamani, na Elisha hununua kwake kwa sababu hiyo tu. "Nifungie na ukurasa wa mashairi," anamwambia. Anifa anacheka: "Mwalimu, wenzako wananiuliza kama nimetia iliki, wewe unaniuliza vina." Vitabu vya riwaya vya watoto wetu, vile vya shule, anavisoma yeye kabla ya wenyewe. Aliwahi kusoma kimoja cha mjane aliyekataa kurithiwa na shemeji, akalia mbele ya mashine mchana kweupe. Ukatoka wimbo unaitwa "Siendi." Akina mama wa kwaya waliuimba kwa nguvu mpaka wanaume wawili wakahama kwaya.

Lakini haibi, jamani. Nalisema mapema kwa sababu ya yanayokuja. Kila wimbo akiuandika ubaoni kanisani, juu kabisa anaandika: Maneno, fulani bin fulani, gazeti la tarehe fulani. Chini yake: Sauti, E. Mughwai. Hata kama mshairi mwenyewe yuko Tanga na hatajua maisha yake yote kwamba ameimbwa Mwankoko, jina lake lazima liwepo. "Mtu akikupa mbegu," husema, "huwezi kusema umezaliwa nayo."

Sasa basi. Mshairi mkubwa kuliko wote aliowahi kuwatumia hakumpata kwenye maandazi. Alimpata Kinampanda, kule Iramba, na ni mama yangu mzazi.

Mama alikuwa mwalimu wa kisomo zamani zile, akifundisha watu wazima kusoma. Akawa anawatungia mashairi ili wapate kitu cha kusoma chenye ladha, maana vitabu vilivyoletwa vilikuwa vya mbolea na minyoo. Darasa likafa, mashairi yakaendelea. Ameyatuma kwenye magazeti, ameyatuma redioni, na mengine yako kwenye daftari lenye jalada la kitambaa. Kila shairi anamalizia kwa ubeti wa tamati, na ndani ya ubeti huo anajitaja: Theodora Kinampanda. Anapenda kutuhesabia kwa vidole. The-o-do-ra, nne. Ki-na-mpa-nda, nne. Nane kamili, kipande kizima. Anasema wengine Mungu aliwapa ng'ombe, yeye alimpa jina lenye mizani.

Elisha alifika Kinampanda kijana, kwenye semina ya kwaya ya siku mbili. Mama akasoma shairi mbele ya wageni. Sisi ni Wanyiramba, Elisha ni Mnyaturu, na makabila haya ni watani tangu hapo, kwa hiyo alipomfuata kumwomba shairi, mama hakumpa. Alimtukana kwanza. Alimwambia Mnyaturu akiazimwa ungo anarudisha upepo. Elisha akamjibu kwamba Mnyiramba hana ungo wa kuazima, ameukalia. Siku mbili nzima walipigana hivyo, kwenye chai, kwenye foleni ya chakula, watu wamejaa kusikiliza. Mimi nilikuwa nagawa maharage. Sijawahi kumwona mama akiwa na furaha ya namna ile.

Alikuja kwa shairi, akaondoka na mimi. Na siku mahari ilipopokelewa, mdomo wake ulifungwa. Mama mkwe si mtani. Hukai naye mkeka mmoja, humwangalii usoni, maneno yako yanapitia kwa mtu mwingine, na jina lake hulitaji. Ukilitaja, hata kwa bahati mbaya, unapeleka kuku wa faini. Vijana wa leo wanapiga picha wamemkumbatia mkwe, lakini Elisha alilelewa na baba yake mzee Mughwai, na mzee Mughwai hakuwa na mchezo. Kwaya yetu iliwahi kuwa na binti anayeitwa Theodora. Miaka mitatu Elisha alimwita "wewe wa dirishani." Binti akaona hapendwi, akahamia kanisa lingine.

Mama aliniambia mara moja, tukichambua mboga: "Nilipata mkwe, nikapoteza mtani." Alisema tu hivyo, akaendelea na mboga. Mimi nililiweka moyoni.

Miaka ishirini na moja mashairi yalipita kwangu. Mama anasoma kwenye simu, mimi naandika, Elisha anapanga mbegu. Macho ya mama yalipoingia ukungu, akawa ananisomea kwa kichwa. Hivyo ndivyo ulivyokuja wimbo wa upepo. Ubeti wa kwanza ni huu:

Upepo wa kwetu vuma, uwele tunapepeta,
Usirudi tena nyuma, kwenye ungo ukipita,
Makapi yabebe hima, punje tutazikamata,
Vuma tu upepo vuma, mwenye ungo anaita.

Beti zilikuwa nne. Elisha alitembea nazo wiki tatu. Alipouleta kwa kwaya, Klara wa soprano, ambaye hasifii kitu, alikaa chini akasema wimbo huu utatufikisha mbali. Ukaimbwa sikukuu ya mavuno, watu wakasimama na nyungo zao mikononi. Ukarekodiwa kwa simu, ukazunguka. Redio ya mjini ikamwita Elisha aongee, na wakaupiga siku hiyo hiyo.

Saa hiyo mama alikuwa Kinampanda, redio sikioni, amewaita majirani wakae naye wasikie. Wimbo ulipokwisha akanipigia.

"Rebeka, redio imekatika?"

"Haijakatika, mama."

"Basi nimekatwa mimi."

Ubeti wa nne, ule wa tamati, haukuwemo. Na mimi nilijua. Elisha alikuwa amenieleza tangu mwanzo, "Ule siwezi, una jina la mama ndani," nami nikaona ni heshima, nikanyamaza. Hata ubaoni safari hii aliandika: Maneno, mama mmoja wa Iramba. Nimeimba alto miezi minne chini ya maneno yale na sikuona kitu. Hilo kosa ni langu pia na ninalikubali.

"Majirani wameniuliza kama kweli ni shairi langu," mama akasema. "Nimewaambia wasubiri mwisho watanisikia. Wamesubiri mpaka tangazo la sabuni."

"Mama, ni heshima tu. Unajua mkwe hawezi kukutaja."

"Mimi nina miaka themanini na mbili. Sina shamba la kumwachia mtu, nyumba yangu unaijua. Nina jina. Nimesikia mnakwenda studio Jumamosi. Huo wimbo ukishashikwa na mashine bila jina langu, ndio basi, hautafunguliwa tena. Mwambie huyo mkwe, akienda hivyo, daftari langu naliwasha moto nichemshie maji ya kuoga. Na asinitafute tena kwa shairi."

Mama yangu hatishii. Aliwahi kusema atakata mti uliokuwa unamwagia majani uani, na kesho yake tuliota moto wa mti ule.

Elisha aliporudi kutoka kazini nilimpakulia ugali na chumvi. Akaangalia sahani, akaniangalia, akajua. Nikamweleza yote. Akasema atabadilisha, aweke "mama wa Kinampanda." Nikampigia mama pale pale nimwulize.

"Kinampanda ina akina mama wangapi?" mama akasema, akakata.

"Basi waimbe wengine," nikamwambia Elisha. "Wewe usimame nje."

"Nitawafundishaje bila kuimba? Soprano nawaimbia, tenori narudi tena, besi ndio kabisa, Christopher hashiki kitu mpaka mara ya kumi. Mama nitamtaja mara arobaini kwa mazoezi ya siku moja. Hao kuku wa faini nitawatoa wapi?"

"Nitawafundisha mimi."

"Wewe ni alto, Rebeka. Na hata hiyo alto yenyewe..."

Nilimtazama. Akaiacha sentensi pale alipoifikisha.

Ndipo nikasema lililokuwa kooni. "Heshima yako imekaa vizuri sana upande wako. Mtu wa Tanga hujamwona unamtaja. Mama yangu, ambaye ndiye amekulisha maneno miaka ishirini na moja, unamwita mama mmoja. Na sifa zote zimekuja kwako. Hiyo ni heshima ya namna gani?"

Alisukuma chumvi kwa kidole. Kisha akasema: "Kule redioni mtangazaji aliniuliza maneno ni ya nani. Nikamwambia ni ya nyumbani kwetu. Akasema, kwa hiyo ni ya kwako. Sikumkatalia. Nilikuwa na nafasi ya kumkatalia na sikumkatalia. Ilikuwa tamu, Rebeka."

Nilikuwa na hasira ya kuvunja chungu, lakini mtu akikupa ukweli namna ile, huna pa kumpigia. Nikamletea mboga. Niliipakua kwa kelele, lakini niliipakua.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne na Jumatano Elisha hakupanga mbegu hata moja. Alhamisi saa kumi tulikuwa kanisani kwenye mazoezi, yeye ubaoni, sisi kwenye viti, mara mlango wa nyuma ukafunguliwa na mama yangu akaingia.

Mjue uzito wake. Mama mkwe hamfuati mkwe kwake. Na huyu alikuwa ameamka alfajiri, amepanda gari la Kiomboi, akabadilisha la Singida, akamfuata Anifa njia panda amwelekeze kanisa, kwa macho yale. Anifa alikuwa amemshika mkono mmoja. Kwenye mkono wa pili mama alikuwa amekumbatia kuku mwekundu, mwenye shingo isiyo na manyoya.

Kwaya nzima tulisimama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Yuko wapi?"

Elisha alikuwa tayari amegeukia ukuta. Mtu mzima, mwalimu wa watu thelathini, paji la uso limegusa ubao. "Shikamoo, mama," aliuambia ubao.

"Marahaba." Mama akaketi kiti cha mbele, kuku mapajani. "Rebeka, mwambie mkwe wangu nimekuja na faini yake. Huyu hapa. Ameshalipiwa, anitaje sasa."

Christopher wa besi alianza kucheka, Klara akamkanyaga mguu.

"Amesikia, mama," nikasema.

"Mwambie tena. Kabla hajawa mkwe alikuwa nani? Alikuwa Mnyaturu. Mtani wangu. Utani ulitangulia, mahari ikafuata, sasa huyu wa nyuma amempitaje wa mbele? Nilimwambia siku ile ya kwanza kwamba Mnyaturu akiazimwa ungo anarudisha upepo. Nikafikiri natania. Nimemwazima shairi, nimerudishiwa Upepo peke yake, ungo amebaki nao."

Hapo hata Klara alicheka. Kanisa zima lilicheka. Lakini mimi nilikuwa namtazama mama. Alikuwa amevaa vitenge vyake vya Pasaka. Alikuwa amekuja kuomba, basi tu hajui kuomba bila kutania.

Elisha hakujibu utani. Nilijua anatamani, maana mabega yake yalicheza. Alijaribu hata kufungua mdomo kulitaja lile jina. Nilisikia "The," kisha pumzi, kisha hakuna. Sauti ya mzee Mughwai ilikuwa imemkaba, na mzee yuko kaburini mwaka wa tisa.

Akachukua chaki.

Aliandika ubeti wa nne wote ubaoni, nota na maneno, kwa haraka, vumbi la chaki linamwangukia shatini. Alipofika mstari wa pili, kipande cha kwanza, akaruka. Aliacha nafasi tupu, kisha akaendelea mpaka mwisho. Kwenye nota zetu za herufi, kimya huandikwa hivyo, nafasi bila herufi. Sote tuliona: soprano kimya, alto kimya, tenori kimya, besi kimya. Nafasi ya mizani nane.

Kisha akafuta pale juu palipoandikwa mama mmoja wa Iramba. Akaandika: Maneno, mwenye nafasi.

"Rebeka," akasema, bado anaangalia ubao, "mwambie mama mahali pale ni pake. Mimi sitaingia na hakuna mwingine atakayeingia. Tukifika hapo tutanyamaza sote, atajitaja mwenyewe. Na Jumamosi asirudi Kinampanda. Aje nasi studio."

Nilimweleza mama kilichoandikwa, maana hakuwa anaona ubao. Akauliza nafasi ina ukubwa gani. Nikamwambia mizani nane. Akahesabu kwa vidole, polepole, mgongoni mwa kuku.

"Inatosha," akasema.

Tukauimba. Mstari wa kwanza wa ubeti ulipita, Elisha akafunga ngumi hewani, sote tukanyamaza, na sauti ya mama yangu ikatoka peke yake, kavu, haina mtetemo wa madaha, imeshika ufunguo sawasawa. Ubeti mzima ni huu:

Tamati sasa nakwenda, shairi nimelileta,
Theodora Kinampanda, ndiko mtakonikuta,
Mkono uliopanda, jina msije kufuta,
Vuma tu upepo vuma, mwenye ungo anaita.

Nililia, sifichi. Nililia kwenye kibwagizo, na alto ilikuwa mbovu siku hiyo, Elisha hakusema kitu.

Mama hakuweza kulala kwa mkwe, kwa hiyo alilala kwa Anifa siku mbili. Anifa anasema walikesha wakibishana vina vya magazeti ya maandazi. Jumamosi fundi wa studio, Abdulazizi, mtu mwenye kipara na maoni mengi, alitaka kuweka kinanda chini ya sauti ya mama ili "pasiwe uchi." Elisha alimwambia paache hivyo hivyo. Na wimbo ulipotoka, kwenye maelezo yake jina la mtunzi wa maneno lilikuwa la kwanza, kwa herufi zangu mimi, maana Elisha hakuweza kuliandika.

Kuku tulibaki naye. Faini ilikuwa imeletwa lakini kosa halijafanyika, sasa utamchinja kwa msingi gani? Akaachwa uani, akazoea meza, akaanza kula mashairi kama nilivyosema.

Ingeishia hapo ningeridhika. Lakini mwaka huu mwezi wa saba kwaya yetu ilialikwa Kinampanda kwenye ibada ya mavuno. Mama alikaa benchi la mbele, vitenge vya Pasaka, ungo mpya mapajani. Magunia ya uwele na alizeti yamepangwa madhabahuni, kanisa limejaa mpaka madirishani, wote wamekuja kumsikia mtu wao akijitaja. Elisha alisimama akitutazama sisi, mgongo kwa watu. Hiyo ndiyo raha ya mwongoza kwaya mwenye mama mkwe kanisani.

Mahubiri yalikuwa marefu. Na mama ana miaka themanini na tatu, aliamka saa kumi alfajiri kusonga ugali wa wageni, na jua la dirishani lilikuwa linampiga magotini.

Tukaimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu wanapeperusha leso. Tukaingia tamati. "Tamati sasa nakwenda, shairi nimelileta," ngumi ya Elisha ikafunga, tukanyamaza.

Kimya.

Nikamwona mama kupitia bega la Elisha. Kidevu kimegusa ungo. Amelala fofofo.

Mizani nane si muda mrefu. Zilipita. Zikapita nyingine nane. Mtoto alikohoa huko nyuma. Klara akanigusa kiwiko, kwamba niliimbe mimi lile jina, na nilikuwa navuta pumzi kweli. Lakini nilimtazama Elisha usoni kwanza. Alikuwa ananitazama mimi. Alijua kutokana na macho yangu kilichotokea nyuma yake, na alijua nafasi ile ubaoni aliiweka yeye, na kwamba mwenyewe akilala ndani yake, kanisa lote la Kinampanda litakwenda nyumbani bila jina.

Aligeuka. Baada ya miaka ishirini na mbili alimtazama mama yangu usoni, na akaimba, kwa sauti ile ya kupita injini ya alizeti:

"Theodora Kinampanda!"

Mama alishtuka, akainua kichwa, na kabla hajajua yuko wapi, akaitika kama msichana aliyeitwa na mkubwa wake:

"Abee."

Kanisa lilipasuka kwa kicheko na vigelegele kwa pamoja. Sisi tukadakia, ndiko mtakonikuta, hatukuwa tumeshika ufunguo mmoja hata kidogo, Christopher alikuwa kwenye ufunguo wa kwao. Elisha aliongoza mpaka mwisho akiwa amewageukia watu. Alisahau kugeuka tena.

Jumamosi iliyofuata tulirudi Kinampanda, mimi na yeye, na kuku mwekundu kwenye kikapu. Faini ni faini. Elisha alisimama uani, mbali kidogo, kama adabu inavyotaka. Mama alitoka, nikampa kuku, akampapasa shingo.

"Huyu si yule niliyemleta mimi?"

"Ndiye, mama," nikasema.

"Amenenepa. Mnamlisha nini?"

Nilikuwa nafungua mdomo nijibu. Lakini jibu lilitoka nyuma yangu, halikupitia kwangu.

"Mashairi yako," Elisha akasema. "Yale mazuri. Yale ya Kinyiramba ambayo hayana mizani yalimwumiza tumbo, tukamzuia."

Niliona mkono wake umesimama kwenye shingo ya kuku. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango, machozi yanatoka kwenye yale macho yenye ukungu, akanikabidhi kuku nimshike.

"Rebeka," akaniambia, "mwekee kiti. Mtani wangu amerudi."